Mnyonge Mnyongeni, Haki Yake Mpeni: Historia ya Shylock na Mvuto wa Mhusika Mwovu

Utangulizi

Wapenzi wa fasihi wana tabia moja ambayo imewasumbua wahakiki kwa muda mrefu. Humfuata mhusika mwovu kwa hamu kuliko wanavyomfuata mwema. Hulikumbuka jina lake hata baada ya kulisahau jina la aliyemshinda. Na tamthilia inapokwisha hubishana juu ya hatima yake yeye, si juu ya hatima ya shujaa. Wapo waionao tabia hii kuwa dalili ya upotofu wa maadili. Wapo pia washikiliao kwamba mwovu akishapendwa hivyo, yampasa mtunzi ampe nafasi ya kutubu, ili mapenzi ya hadhira yapate uhalali. Rai hizi mbili zaonekana kupingana, lakini zasimama juu ya msingi mmoja. Zote zachukulia kwamba kinachowavuta watu kwa mwovu ni uovu wake, na kwa hiyo uovu huo hauna budi ama kulaaniwa ama kuoshwa.

Makala haya yanakusudia kuupima msingi huo kwa kufuata historia ya mhusika mmoja. Mhusika huyo ni Shylock, Myahudi mkopeshaji fedha katika tamthilia ya William Shakespeare ambayo wasomaji wa Kiswahili waijua kwa jina la Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius K. Nyerere iliyotolewa mwaka 1969. Ameteuliwa kwa sababu tatu. Kwanza, amekuwako jukwaani kwa zaidi ya miaka 400, maneno yake yakibaki karibu yale yale huku hukumu ya watazamaji ikigeuka mara kwa mara. Pili, tamthilia yenyewe humpa kile ambacho baadhi ya wahakiki hukidai kwa ajili ya waovu wote, yaani uongofu. Tatu, aliingia katika Kiswahili chini ya jina la kitabu ambalo halikumwachia yeye peke yake mzigo wa lawama. Hoja itakayotetewa ni kwamba mwovu huvuta kwa sababu amepewa lalamiko la haki na ulimi wa kulisema, na kwamba deni la hadhira kwake ni kumsikiliza. Kumtakasa ni jambo jingine, na mara nyingi ni njia ya kulikwepa deni hilo.

Mwovu na zama zilizomzaa

Tamthilia hii ilitungwa baina ya mwaka 1596 na 1598. Ilipoandikishwa na wachapaji wa London mwezi wa Julai 1598, iliandikwa kwa majina mawili: la mfanyabiashara wa Venisi, na la Myahudi wa Venisi. Ilipochapwa mwaka 1600, ukurasa wa mbele uliwatangazia wanunuzi ukatili wa Myahudi huyo na ratili ya nyama aliyotaka kuikata. Basi tangu siku za mwanzo kabisa waliouza kitabu hiki walifahamu ni nani aliyewavuta watu. Jambo hili ni la ajabu kiasi, kwani Shylock huonekana katika maonyesho matano tu, na sehemu nzima ya tano huendelea bila yeye.

Kisa chenyewe chajulikana. Bassanio ataka fedha za kwenda kumposa Portia, mwanamke tajiri. Rafiki yake Antonio ana merikebu baharini lakini hana fedha mkononi, kwa hiyo amdhamini Bassanio kwa mkopo wa dukati 3,000 wa miezi mitatu kutoka kwa Shylock, mtu ambaye Antonio humtukana na kumtemea mate hadharani. Shylock akataa riba safari hii. Ataka tu iandikwe kwamba deni lisipolipwa kwa siku yake atakata ratili moja ya nyama katika mwili wa mdhamini. Habari zaja kwamba merikebu zimezama. Wakati huo huo Jessica, binti wa Shylock, atoroka na kijana Mkristo pamoja na dhahabu na vito vya babake. Shylock ashika hati na kisu aende mahakamani, na huko Portia, aliyejivika mavazi ya mwanasheria, ashinda kesi kwa hoja kwamba hati yataja nyama, haikutaja damu.

Waingereza waliokuwa wakitazama mchezo huo karibu wote hawakuwa wamewahi kuishi na jumuiya ya Wayahudi. Mfalme Edward I alikuwa amewafukuza Wayahudi wote nchini mwaka 1290, na hawakuruhusiwa kurejea hadi mwaka 1656. Walichokijua watazamaji ni hadithi, mahubiri na uvumi. Mwaka 1594 Roderigo Lopez, tabibu wa Malkia Elizabeth, Mreno wa asili ya Kiyahudi, alinyongwa mbele ya umati kwa shtaka la kutaka kumtilia malkia sumu. Jukwaani walimjua Barabas, Myahudi katika tamthilia ya Christopher Marlowe kuhusu Malta, ambaye huua watawa wa nyumba nzima kwa sumu na mwishowe hutumbukia katika pipa la maji ya moto. Barabas alichekesha na kutisha, na kifo chake hakikumwacha mtu yeyote na swali. Yu kama fisi wa ngano zetu: ana ulafi, ana hila, ana mwisho mbaya, wala hakuna mtoto anayelala akiwaza kama fisi alionewa.

Shakespeare angaliweza kumfanya Shylock awe fisi wa namna hiyo, kwani chimbuko la kisa lilimruhusu. Katika mkusanyo wa Kiitalia uitwao Il Pecorone, uliochapwa mwaka 1558, mkopeshaji hana hata jina. Hana binti, hana marehemu mke, hana tusi alilotukanwa. Anaposhindwa mahakamani huichana hati yake kwa hasira, na kisa kikaendelea. Mambo yote yamfanyayo Shylock aishi ni nyongeza ya Shakespeare: jina lake, nyumba yake, pete ya feruzi aliyopewa na mkewe Leah kabla ya kuoana, ambayo bintiye aliibadilisha kwa tumbili, na ile hotuba mashuhuri ya sehemu ya tatu, ambamo auliza kama Myahudi hana macho, mikono na hisia kama wengine, na aeleza kwamba kisasi amejifunza kwa Wakristo wenyewe.

Nyongeza nyingine yapaswa kutajwa pamoja na hizo. Ni Shakespeare, wala si mwandishi wa Il Pecorone, aliyetaka Shylock abatizwe. Mtunzi yule yule aliyempa mwovu lalamiko ndiye aliyempa wokovu, na historia yote ya mhusika huyu jukwaani ni historia ya mvutano baina ya vitu hivi viwili.

Kutoka kicheko hadi machozi

Mwaka 1701 George Granville aliigeuza tamthilia hii kulingana na ladha ya zama zake, na sehemu ya Shylock ikapewa Thomas Doggett, mwigizaji aliyesifika kwa vichekesho. Kwa miaka 40 watu wa London walimwona Shylock wa namna hiyo. Katika hali hiyo hakukuwa na mtu wa kuuliza juu ya toba yake, kwa sababu mtu wa kuchekwa hahitaji kuelezwa.

Mabadiliko yalikuja tarehe 14 Februari 1741, Charles Macklin alipoingia katika jukwaa la Drury Lane. Macklin alirudisha maneno ya Shakespeare, akavaa kofia nyekundu kwa kuwa alisoma kwamba Wayahudi wa Venisi walivaa hivyo, akamwigiza Shylock kama mtu mkali mwenye chuki ya kweli. Aliendelea na sehemu hiyo kwa karibu miaka 50. Shylock wa Macklin hakuonewa huruma, aliogopwa. Hata hivyo hatua ilikuwa imepigwa, maana anayeogopwa amekwisha kuchukuliwa kuwa mtu mzima mwenye nia na sababu. Hofu hiyo ilikuwa na matumizi yake nje ya jukwaa. Mwaka 1753 Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kuwawezesha Wayahudi wa kigeni kupata uraia, kelele za umma zilikuwa kubwa mno hata sheria ikafutwa upesi, na katika vijitabu vya upinzani jina la Shylock lilitajwa kana kwamba ni la mtu aliyepata kuishi.

Usiku wa tarehe 26 Januari 1814, Edmund Kean, mwigizaji aliyekuwa bado hajulikani London, aliingia jukwaani akiwa na ndevu nyeusi badala ya nywele nyekundu za mazoea. Shylock wake alikuwa na nguvu, ufasaha na dhihaka, na zaidi ya yote alikuwa na maumivu. Mhakiki William Hazlitt alikuwamo ukumbini usiku huo. Katika kitabu chake cha mwaka 1817 Hazlitt alieleza kwamba kadiri Shylock alivyoacha kuwa kitisho cha watu wa kawaida, ndivyo watazamaji wenye kufikiri walivyoanza kumpenda nusu nusu, wakiona kisasi cha Myahudi hakikuwa kibaya kuliko madhara aliyotendewa na Wakristo.

Neno hilo la Hazlitt ndilo jibu la mapema na lililo sahihi zaidi kwa swali la mvuto wa mwovu. Hakusema kwamba Shylock ni mwema, wala kwamba kisu chake kina haki. Alisema kwamba katika mizani ya kesi hii kuna kitu upande wa pili, na kwamba mtazamaji mwadilifu hawezi kujifanya hakioni. Mapenzi yake ni ya nusu, na nusu hiyo ndiyo yenye maana. Mapenzi kamili yangalihitaji kukisahau kisu, na chuki kamili ingalihitaji kuyasahau mate ya Antonio. Heinrich Heine, mshairi wa Kijerumani mwenye asili ya Kiyahudi, alisimulia mwaka 1838 jinsi alivyomwona mwanamke Mwingereza katika ukumbi wa Drury Lane akilia mwishoni mwa kesi na kusema kwamba maskini yule ameonewa. Heine aliongeza kwamba kwa sababu ya machozi hayo alishindwa kuihesabu tamthilia hii kuwa ya kuchekesha.

Kilele cha machozi kilifikiwa na Henry Irving. Alianza kumwigiza Shylock tarehe 1 Novemba 1879 katika ukumbi wa Lyceum, na mchezo ukaonyeshwa mara 250 mfululizo. Shylock wake alikuwa mzee mwenye heshima, mwungwana kuliko wanaomdhihaki. Irving alibuni onyesho ambalo halimo katika maandishi: baada ya Jessica kutoroka na kelele za wacheza karamu kupita, Shylock arudi peke yake usiku, avuka daraja, abisha hodi katika mlango wa nyumba ambayo mtazamaji ajua kwamba haina mtu, na pazia lashuka. Mara nyingine Irving aliiacha sehemu ya tano yote, hata mchezo ukamalizikia pale Shylock anapotoka mahakamani.

Mageuzi haya hayakutokea katika ombwe. Mwaka 1858 Lionel de Rothschild alikuwa Myahudi wa kwanza kuketi katika Bunge la Uingereza bila kuapa kiapo cha Kikristo. Watazamaji wa Irving waliishi na Wayahudi kama majirani na raia wenzao. Maandishi hayakubadilika, walioyasikia walikuwa wengine.

Toba isiyo toba

Inafaa sasa kurejea mahakamani na kuangalia ule wokovu ambao Shylock alipewa. Baada ya kushindwa, aambiwa kwamba kwa kuwa yeye mgeni amekusudia kumwua raia, mali yake na uhai wake vimo mikononi mwa dola. Mtawala wa Venisi amwachia uhai kabla hajaomba. Antonio aombwa aonyeshe huruma, naye akubali mzee huyo abaki na nusu ya mali yake kwa masharti mawili: abatizwe mara moja, na aandike wasia wa kuwaachia Jessica na mumewe vyote atakavyokuwa navyo siku ya kufa. Mtawala aongeza kwamba Shylock akikataa, msamaha utafutwa. Mzee ajibu kwa maneno machache kwamba ameridhika, asema hajisikii vizuri, aomba hati ipelekwe nyumbani kwake ili aitie sahihi, kisha atoka. Haonekani tena.

Uadilifu wataka ikumbukwe kwamba kwa Wakristo wengi wa zama za Shakespeare masharti haya yalikuwa huruma ya kweli. Asiyebatizwa alidhaniwa amepotea milele. Kumbatiza hata kwa nguvu ilikuwa kumwokoa. Tena mila ya mchezo wa kufurahisha ilidai kwamba mwishoni kila mtu aingizwe katika mduara wa jamii. Kwa mizani ya zama hizo basi, Shylock amepata kile kile ambacho leo wapo wanaokidai kwa waovu wote wapendwao: amegeuzwa, amesamehewa, hakuuawa.

Hata hivyo hakuna sehemu ya tamthilia hii iliyowakera watazamaji wa baadaye kuliko hii. Sababu yake ni rahisi. Uongofu huu hautoki ndani ya mhusika. Umebandikwa juu yake na wale waliomshinda, nao ndio wanaofaidika kwa mali yake. Tena haujibu lolote kati ya aliyoyasema. Aliuliza kwa nini alitemewa mate, hakujibiwa. Aliwaambia waungwana wa Venisi kwamba wao wenyewe wamenunua watumwa na kuwatumia kama punda na mbwa, na kwamba wakiambiwa wawaache huru wawaoze kwa watoto wao, watajibu kwamba watumwa ni mali yao. Basi na ratili hii ya nyama ni mali yake, ameinunua ghali. Hoja hiyo ni ya kikatili, lakini mahakama nzima haikuigusa. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, ambako soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa ukakoma kutambuliwa na sheria Unguja mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, hawezi kuipita hoja hii kama pambo la usemi. Mwovu ndiye pekee katika tamthilia nzima anayewataja watumwa wa Venisi kama hoja ya kisheria dhidi ya mabwana wao.

Ulinganisho na waovu wengine wa Shakespeare watia nguvu jambo hili. Macbeth, ambaye wasomaji wa Kiswahili walimpata katika tafsiri ya S. S. Mushi iitwayo Makbeth ya mwaka 1968, hufa akipigana. Ajua kabisa alichokipoteza, lakini haombi msamaha. Iago wa Othello, akiulizwa sababu ya uovu wake, akataa kunena neno tangu hapo. Hakuna mtazamaji atokaye ukumbini akilalamika kwamba Macbeth hakutubu. Kinachomshika ni kwamba amesikia mawazo ya muuaji kwa ukamilifu na kuyatambua kuwa mawazo ya binadamu. Kati ya hao watatu ni mmoja tu aliyeongolewa, na ni huyo mmoja ambaye mwisho wake waonekana kuwa dhuluma. Ikiwa hivyo ndivyo, basi toba haiwezi kuwa ndiyo inayotimiza haja ya hadhira.

Walioigiza na waliotumia

Nje ya Uingereza Shylock aliwafikia waigizaji waliokuwa na sababu zao wenyewe za kumtaka. Ira Aldridge, Mmarekani mweusi aliyezaliwa New York mwaka 1807 na kujipatia umaarufu Ulaya, alimwigiza mwaka 1858 mbele ya watazamaji wa Urusi. Mtu ambaye majukwaa ya nchi yake mwenyewe yalimkataa kwa sababu ya rangi alijipaka rangi nyeupe, akasimama kulia kilio cha kabila jingine lililodharauliwa. Mwaka 1903 Jacob Adler alimwigiza Shylock katika jukwaa la Broadway, New York, akisema Kiyidi huku wenzake wote wakisema Kiingereza. Upweke wa mhusika ulikuwa umeingia katika lugha yenyewe. Waigizaji hawa hawakumchagua Shylock kwa sababu alitubu. Walimchagua kwa sababu alisema.

Lakini maandishi yale yale yaliweza pia kunyimwa masikio. Mwaka 1943 katika ukumbi wa Burgtheater wa Vienna, chini ya utawala wa Wanazi, Werner Krauss, aliyekuwa amecheza katika filamu ya chuki dhidi ya Wayahudi ya mwaka 1940, alimwigiza Shylock kama kitu cha kuchukiza. Kufikia wakati huo Wayahudi wa Vienna walikuwa karibu wote wamekimbia au wamesafirishwa kwenda kuuawa. Wayahudi wa Austria wapatao 65,000 waliangamizwa katika vita vile.

Tukio la Vienna lafundisha jambo moja chungu kuhusu wokovu. Sheria za Nuremberg za mwaka 1935 zilimhesabu mtu kuwa Myahudi kwa kutazama babu na nyanya zake, hata awe amebatizwa, na zilipiga marufuku ndoa kama ile ya Jessica na Lorenzo. Kwa hiyo ubatizo ambao Antonio alimlazimisha Shylock, na ule ambao Jessica aliukimbilia kwa hiari, haungalimfaa yeyote kati yao. Pale ambapo haki ya mtu ya kusikilizwa imetegemezwa juu ya sharti la kwamba abadilike awe kama wengine, mwenye nguvu aweza siku yoyote kulifuta sharti hilo na kusema kwamba hakuna mabadiliko yatakayomtosha.

Mabepari ni nani?

Nyerere alifasiri tamthilia hii akiwa Rais wa Tanzania, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967. Alikuwa amekwisha kutoa tafsiri ya Julius Caesar mwaka 1963. Jina la Kiingereza humtaja mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio. Jina la Kiswahili ni la wingi, na neno lililochaguliwa lina historia yake. Bepari ni neno lililoingia Kiswahili kutoka lugha za Bara Hindi kwa njia ya biashara ya bahari, na katika kamusi za zamani maana yake ni mfanyabiashara tu. Katika siasa za miaka ya 1960 lilikuwa limepata maana nzito ya mwenye mtaji anyonyaye jasho la wengine. Jina la tafsiri hubeba maana zote mbili kwa pamoja: aliyetaka neno la mfanyabiashara amelipata, na aliyetaka hukumu ameipata pia.

Wingi huo ndio wenye uzito kwa mjadala huu. Ikiwa Venisi ina mabepari, basi Shylock si ugonjwa uliouvamia mji wenye afya. Antonio ana merikebu katika bahari zote. Bassanio huposa kwa fedha za mkopo akitarajia mali ya mke. Lorenzo hamchukui Jessica bila kasha la vito. Portia mwenyewe aingiapo mahakamani huuliza kwanza ni yupi mfanyabiashara na yupi Myahudi, na jina la Kiswahili laonekana kuliacha swali hilo wazi. Msomaji aliyelelewa katika mila inayokataza riba hamtetei Shylock, lakini aongozwa kuuliza ni kwa nini mji mzima unaoishi kwa faida umemwachia mtu mmoja dhambi ya kupenda faida.

Swali hilo halikuwa la kitabuni tu katika eneo hili. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke nchini. Jamii ya wafanyabiashara ilifanywa kuwa mhusika mwovu wa historia nzima ya uchumi wa nchi. Malalamiko ya wananchi juu ya ukoloni na biashara yalikuwa na msingi wake, lakini hukumu ilitolewa kwa asili ya mtu bila ya kuuliza alichokitenda, na mali zilizochukuliwa hazikumfikia mnyonge. Mabepari wa Venisi ikisomwa kwa wingi wa jina lake yaweza kumkinga msomaji na kosa hilo. Ikisomwa kama kisa cha Myahudi mmoja mwovu, yaweza kumtia humo.

Hatari ya kumtakasa

Baada ya mauaji ya Wayahudi katika Vita Kuu ya Pili, juhudi za kumtakasa Shylock ziliongezeka. Mwaka 1970 Laurence Olivier alimwigiza London, chini ya uongozi wa Jonathan Miller, katika mazingira ya karne ya kumi na tisa, na mchezo ukamalizika kwa sala ya Kiyahudi ya kuombolezea wafu. Arnold Wesker alikwenda mbali zaidi. Katika tamthilia yake ya mwaka 1976 aliandika kisa upya: Shylock na Antonio ni marafiki wa dhati, wapenzi wa vitabu, na hati ya ratili ya nyama waliiandika kwa mzaha wa kuidhihaki sheria ya Venisi. Sheria ndiyo iwabanayo wote wawili. Mzee wa Wesker hana haja ya kukombolewa kwa kuwa hakutenda kosa.

Nia ya Wesker yaeleweka na kazi yake yastahili heshima. Hata hivyo kuna kilichopotea. Ikiwa Shylock hana hatia, basi kumhurumia hakumgharimu mtazamaji chochote. Kila mtu humhurumia asiye na hatia. Shylock wa Shakespeare anoa kisu chake katika soli ya kiatu mbele ya mahakama. Ni huyo mwenye kisu ambaye mtazamaji analazimika kukiri kwamba alitemewa mate, alidharauliwa na kunyang'anywa binti. Kukondoa kisu ni kuliondoa swali gumu, kama vile kumchora Myahudi wa kuchukiza kulivyoliondoa swali hilo Vienna kwa njia nyingine. Mmoja asema hakuna lalamiko, mwingine asema hakuna kosa, na kwa vyovyote hadhira yarudi nyumbani ikiwa na amani isiyoistahili.

Hitimisho

Historia iliyofuatwa hapa yaonyesha kwamba mvuto wa Shylock haukuanza watazamaji walipolegeza maadili yao. Uliongezeka kadiri walivyojifunza kusikiliza. Doggett alimnyima uzito, Macklin akampa nia, Kean akampa maumivu, Irving akampa nyumba tupu, na tafsiri ya Kiswahili ikampa wenzake wa kugawana nao lawama. Katika safari hiyo yote uongofu wake wa mahakamani haukumwongezea mpenzi hata mmoja. Ulibaki kuwa doa katika ushindi wa wale waliomwongoa.

Kwa hiyo mwalimu asomeshaye tamthilia hii hana haja ya kuwaonya wanafunzi wake kwa kuwa wamempenda mwovu, wala ya kuwatafutia sababu ya kumwona mwema. Awaachie kisu mkononi mwake na lalamiko kinywani mwake, vyote viwili kwa wakati mmoja, na awaulize ni nani katika mahakama ile aliyemjibu. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Methali hiyo haisemi kwamba mnyonge hana kosa, wala haimtaki atubu kwanza ndipo apewe haki. Venisi ilimpa Shylock uhai, nusu ya mali na dini mpya. Haki yake, ambayo ilikuwa ni jibu, bado haijalipwa, na ndiyo sababu kila kizazi humwita tena jukwaani aje aidai.